KUULIZA KABLA YA KUADHIBU

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo alilolitaka, akampa huyu akili timamu na yule akampunguzia, akampa huyu macho na yule akamnyima, ili atujaribu sote: aliyepewa kwa shukurani yake, na aliyenyimwa kwa subira yake. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu, suala tulilolizungumza katika darasa letu hapa Eastleigh, na ambalo twaona vyema liwafikie ndugu zetu wa Mombasa, Lamu, Malindi na kwengineko, ni hili: mtu akitenda kosa, naye ana ila katika akili yake au katika mwili wake, atendewe nini? Je, aadhibiwe kama wengine? Au asamehewe kwa kuwa ni mlemavu? Watu wengi hujibu upesi, huyu kwa upande huu na yule kwa upande ule, na wote wawili wamekosea, kwani wamejibu kabla ya kuuliza.

Anayeujua mtaa huu wa Eastleigh ajua namna watu wanavyosongamana mbele ya maduka tangu asubuhi mpaka usiku. Katika msongamano huo hutokea mtu akachukua kitambaa dukani bila ya kulipa, akaenda zake polepole huku akicheka peke yake. Ukelele hupigwa: "Mwizi!" Mara mawe na fimbo zimemfikia. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini mwizi huyu hakukimbia. Na hutokea kiziwi akaamrishwa na askari asimame, asisikie, akaenda mbele; ikasemwa kuwa ni mkaidi. Mwezi wa Aprili 2014, polisi walipofanya msako mkubwa katika mtaa huu, watu walikamatwa kwa maelfu, na wengi wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani ili waulizwe ni nani na wametoka wapi. Katika siku kama hizo, bubu atasema nini? Na mwenye akili iliyochafuka, ambaye hata jina lake huenda asilikumbuke, atajieleza vipi?

Msidhani, enyi ndugu wa Pwani, kuwa haya ni ya Nairobi peke yake. Hakuna mji wetu usiokuwa na mtu wa namna hii, na hakuna ukoo usiomjua mmoja wao.

MSINGI WA SHERIA

Asili ya jambo hili ni kwamba Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu ila kwa kiasi cha uwezo wake, kama alivyotubainishia mwishoni mwa Sura ya Al-Baqara. Na mzigo wa kuulizwa na kuhisabiwa umefungwa na akili. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kalamu ya kuandika makosa imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili yake imrudie. Basi ambaye malaika hawamwandikii dhambi, sisi tumwandikie kwa fimbo?

Tazameni alivyofanya Mtume mwenyewe (s.a.w.). Alimjia Maiz bin Malik, akakiri kwa ulimi wake kuwa amezini. Mtume akamgeuzia uso pembeni mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Alipokiri mara ya nne, hakusema: "Amekwisha kukiri, mchukueni." Alimuuliza kama ana wazimu. Kisha hakutosheka na jawabu lake. Aliwauliza jamaa zake kama wanaijua ila yoyote katika akili yake, nao wakasema hawamjui ila kwa akili timamu. Tena akauliza kama amelewa, mtu akasimama akamnusa kinywa chake. Yote haya kwa mtu aliyekuja kwa miguu yake, asiyeletwa na askari wala shahidi!

Hapo, ndugu zangu, pana mafundisho matatu. La kwanza, kukiri peke yake hakutoshi mpaka ijulikane hali ya anayekiri. La pili, hali hiyo huulizwa kwa wanaomjua, wala haikisiwi kwa kumtazama usoni. La tatu, na ndilo kubwa, uchunguzi huu si huruma iliyoongezwa juu ya haki. Ni sehemu ya haki yenyewe. Hakimu asiyeuliza hajahukumu bado.

Na katika zama za Sayyidna Umar (r.a.) aliletwa mwanamke mwenye wazimu aliyezini. Umar akataka shauri kwa watu, kisha akaamrisha apigwe mawe. Wakampitisha mbele ya Sayyidna Ali (r.a.), akauliza khabari zake, naye akamjua kuwa ni mwendawazimu wa kabila fulani. Akaamrisha arudishwe, akamwendea Umar, akamkumbusha ile hadithi ya kalamu. Katika baadhi ya mapokezi, Ali alisema kuwa huenda jambo lile lilimfika mwanamke yule akiwa katika maradhi yake. Umar akasema kuwa yeye hajui. Na Ali naye akasema kuwa hajui. Basi kwa kule kutojua, mwanamke akaachwa huru, na Umar akapiga takbiri. Hawakuona haya Masahaba wale wakubwa kusimamisha hukumu iliyokwisha kutolewa. Walijua kuwa adhabu ikiwa na shaka huepushwa, kwani roho ikitoka hairudishwi kwa kuombwa radhi.

ULEMAVU SI WA NAMNA MOJA

Wanazuoni wetu hawakuwatia walemavu wote katika kapu moja, bali walipambanua.

Wapo ambao wazimu wao ni wa daima. Hawa hawana dhambi wala adhabu.

Wapo ambao wazimu wao huja na kwenda. Akitenda kosa katika wakati wa uzima wake, huulizwa kama mtu mwengine. Akitenda katika wakati wa maradhi, haulizwi. Na ikiwa haijulikani ni wakati gani, basi ni lile la Umar na Ali.

Wapo punguani, ambao hawakurukwa na akili, lakini akili zao hazikukua pamoja na miili yao. Utamwona mwanamume mwenye ndevu, na fahamu yake ni ya mtoto wa miaka saba. Wanazuoni wengi wamemfananisha na mtoto apambanuaye baadhi ya mambo. Huyu ndiye anayepatikana na taabu kubwa zaidi katika vituo vya polisi, kwa kuwa umbo lake halimtetei, na kila akiulizwa hujibu "ndiyo" ili amridhishe anayemuuliza. Na vijana wabaya humtuma: "Chukua mzigo huu umpelekee fulani," kwa peremende au soda, akakamatwa yeye, nao wakatoroka.

Wapo viziwi na mabubu, na akili zao ni timamu kama zetu. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ishara ya bubu ikifahamika husimama mahali pa maneno yake katika kuuza, kununua, kuoa na kuacha. Lakini lazima apatikane mwenye kuifahamu. Kumhukumu bubu bila ya mfasiri ni kama kumhukumu mtu aliyezibwa mdomo.

Na wapo vipofu, viwete na waliokatika viungo, ambao upungufu wao ni wa mwili tu. Hawa, wakiiba au wakidhulumu, huulizwa. Kumwambia kipofu, "wewe hapana lawama juu yako, kwani ni kipofu tu," ni kumdharau, si kumhurumia. Abdallah bin Ummi Maktum alikuwa kipofu, na kwa ajili yake iliteremshwa Sura ya Abasa, Mtume (s.a.w.) akimfanya muadhini, na akimwachia Madina aisimamie anaposafiri. Mwenye kuaminiwa mji huulizwa pia kwa aliyoyatenda.

Lakini hata huyu anayestahili adhabu, adhabu yake hupimwa kwa mwili wake. Imepokewa kuwa mtu mmoja dhaifu sana wa mwili alizini, na Mtume (s.a.w.) alipoamrisha apigwe fimbo mia, akaambiwa kuwa mtu huyo hawezi kuzistahamili, atakufa. Akaamrisha lichukuliwe shada la mtende lenye vitawi mia, apigwe kwa hilo pigo moja. Na kwa msingi huo wanazuoni wa Kishafi wakasema kuwa mgonjwa anayetarajiwa kupona hungojewa apone, wala mtu hapigwi katika jua kali wala katika baridi kali. Tazameni, haki ya Mwenyezi Mungu haikuachwa, na mja wake hakuuawa.

MASWALI NA MAJIBU YAKE

Atasema msemaji: "Mkifungua mlango huu, kila mwizi atajifanya mwendawazimu." Twamjibu: ndiyo maana tukasema aulizwe, hatukusema aachwe. Mwenye kujifanya hufichuka kwa jamaa zake, kwa jirani zake, na kwa daktari atakayemweka chini ya uangalizi siku kadhaa. Asiyefichuka kamwe ni mgonjwa wa kweli aliyeuawa njiani kabla ya kuulizwa.

Na atasema mwengine: "Na haki ya aliyeibiwa, au aliyepasuliwa kichwa, imekwenda wapi?" Twasema: haki ya mja haipotei. Mtoto au mwendawazimu akiharibu mali ya mtu, hana dhambi, lakini mali ile hulipwa kutoka katika mali yake, na walii wake ndiye mwenye kuitoa. Na mgonjwa anayedhuru watu huzuiwa asidhuru, na kuzuiwa kwake ni kwa matibabu. Mwenye duka aliyepoteza kitambaa ana haki ya thamani ya kitambaa chake. Hana haki ya damu.

Na atasema wa tatu: "Huyu hana maradhi, ana jini." Twamjibu: hata kama ni hivyo, kalamu imeinuliwa vilevile, kwani aliyeondokewa na akili ameondokewa, sababu iwe ni hii au ile. Kumsomea Qur'ani ni jambo jema. Lakini Mtume (s.a.w.) pia ametuamrisha tutafute dawa, akatufahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake. Ama kumpiga mgonjwa mpaka atoke damu ati jini litoke, kumfukiza moshi na kumshindisha na njaa, hayo si dini. Ni biashara ya watu waliokosa khofu ya Mungu.

Na kuhusu alewaye au alaye mirungi na muguka mpaka akili ikaruka, yatupasa tupambanue. Aliyejilewesha kwa hiari yake huulizwa, na udhuru wake ni dhaifu. Lakini yapo maradhi ya akili yaliyoanza na ulaji huo kisha yakabakia hata baada ya kuuacha. Huyo amekuwa mgonjwa, naye atazamwe kama mgonjwa.

HOSPITALI ILIYO JIRANI YETU

Ng'ambo ya bonde la Mathare, mkabala na mtaa wetu huu, ipo Hospitali ya Mathari, iliyoanzishwa mwaka 1910. Washitakiwa wa kesi za mauaji hapa Nairobi hupelekwa huko kupimwa akili zao kabla ya kujibu mashtaka, na ina wodi zenye ulinzi mkali kwa wale waliotenda makosa wakiwa wagonjwa. Huko Mombasa wagonjwa wa akili hupelekwa Port Reitz, na Unguja hupelekwa Kidongo Chekundu.

Kupima ni jambo jema, lakini mpimaji naye lazima awe mwadilifu. Katika zama za ukoloni, tangu mwaka 1938 hadi 1950, Mathari ilisimamiwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Mwaka 1953 alitoa kitabu juu ya akili ya Mwafrika, akaifananisha na akili ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo wake. Na mwaka uliofuata Serikali ya kikoloni ikamtumia aeleze Mau Mau kana kwamba ni maradhi ya akili, ilhali ni watu waliodai ardhi yao. Tumeyataja haya ili tujue kuwa mizani ikiwa mkononi mwa mwenye kudharau, haipimi sawa. Na kwamba twahitaji madaktari walio wetu, wanaoijua lugha ya mgonjwa na dini yake.

Sheria ya nchi, kwa upande huu, haikupingana nasi. Katiba ya mwaka 2010 yampa mlemavu haki ya kutendewa kwa heshima, na yampa mshitakiwa asiyeifahamu lugha ya korti haki ya kupata mkalimani bila ya malipo. Sheria ya mwenendo wa jinai yamtaka hakimu, akiona dalili kuwa mshitakiwa si timamu, alichunguze hilo kwanza. Kwa miaka mingi ilikuwa aliyeonekana ametenda kosa akiwa na wazimu huwekwa kizuizini "kwa ridhaa ya Rais," bila ya kikomo, na wapo waliozeekea humo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kisumu iliamua kuwa kumfunga mgonjwa namna hiyo, bila ya muda na kwa ridhaa ya mtu asiyekuwa hakimu, kwapingana na Katiba. Hukumu hiyo yapasa kujulikana na kila mwenye jamaa yake gerezani.

MINYORORO YA NYUMBANI

Lakini tusiwalaumu polisi na mahakimu peke yao, kwani hukumu ya kwanza hutolewa na sisi majumbani. Mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watu wenye maradhi ya akili wanaofungwa minyororo, likataja nchi zipatazo 60, na Kenya ni mojawapo. Na hapa Eastleigh pamejulikana nyumba ambazo Wasomali huziita dhaqan celis, yaani kumrudisha mtu katika utamaduni. Wazee waishio Ulaya na Marekani huwaleta vijana wao waliokosa adabu, au waliozama katika madawa ya kulevya, au waliougua akili, wakafungiwa humo. Baadhi yao wametoka wakieleza kuwa walitiwa minyororo na kupigwa. Mzee wake hulipa kila mwezi, akidhani ananunua malezi.

Nauliza: ni nani aliyempima kijana huyu, kama ni mtovu wa adabu au ni mgonjwa? Mtovu wa adabu hufunzwa, na mgonjwa hutibiwa. Mnyororo haumfunzi huyu wala haumtibu yule. Si haya waliyotuachia waliotutangulia. Nuruddin Zangi alijenga hospitali Dameski mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga yake Misri mwaka 1284, na ndani yake wenye maradhi ya akili walikuwa na mahali pao, dawa zao na wahudumu wao, kwa mali ya wakfu. Umma uliokuwa na wakfu wa kutibu wendawazimu miaka mia saba na zaidi iliyopita, leo wawafunga katika vyumba vya giza!

YATUPASAYO

Kwanza, ni haramu kwa mtu yeyote kumpiga mkosaji njiani. Kutoa adhabu ni kazi ya mwenye mamlaka baada ya ushahidi, wala si kazi ya wapita njia. Uonapo mtu amezungukwa, ingia kati useme: "Mwacheni aulizwe."

Pili, mwenye mgonjwa nyumbani aziweke karatasi zake za hospitali, na nakala iwe kwa jamaa mwengine. Akikamatwa, nendeni siku hiyohiyo kituoni na kortini, mseme waziwazi kuwa ni mgonjwa na mwombe apimwe. Msifiche kwa kuona haya. Aibu ya kusema "mwanangu mgonjwa" ni ya siku moja. Jela ya mtu asiyejua kwa nini yumo ni ya miaka. Na akiwa kiziwi, daini mkalimani wa lugha ya ishara kabla hajaulizwa neno lolote.

Tatu, ofisa wa probesheni anapotumwa na korti kuuliza hali ya mshitakiwa, mpokeeni, mkae naye, mumweleze ukweli wote. Yeye huwauliza ninyi kama Mtume (s.a.w.) alivyowauliza jamaa zake Maiz. Wala msiseme uongo kumwokoa mzima aliyedhulumu, kwani Sura ya An-Nisaa imetuamrisha tusimamishe uadilifu hata juu ya nafsi zetu na wazee wetu.

Nne, anaporudi kutoka hospitali au gerezani, kazi ndiyo kwanza yaanza. Wengi hurudi katika kosa kwa kuwa dawa zimekwisha na hakuna wa kuwanunulia, au kwa kuwa kila mlango umefungwa mbele yao. Kamati za misikiti ziwajue watu hawa kwa majina, na fakiri miongoni mwao ana haki yake katika zaka. Mtu wa kumkumbusha dawa baada ya Sala ya Alfajiri ana thawabu kubwa, na gharama yake ni ndogo.

Tano, wenye uwezo wasomesheni vijana wetu udaktari wa akili, sheria na lugha ya ishara. Hizi leo ni faradhi za kutoshelezana. Zikiachwa na wote, wote tumekosa.

Ndugu zangu, akili mliyo nayo hamkuinunua, wala hamna hati ya kuimiliki. Ni amana, na mwenyewe aweza kuitwaa usiku mmoja kwa homa, kwa ajali au kwa huzuni. Basi watendeeni walioikosa kama mtakavyopenda mtendewe siku mtakayoikosa ninyi.

Ewe Mola wetu, tuhifadhie akili zetu, uwaponye wagonjwa wetu, uwape mahakimu wetu subira ya kuuliza, na uizuie mikono yetu na damu ya asiyekuwa na kosa. Amin. Wabillahi taufiki.